Wasomaji Wanauliza: Tamthilia za Zamani Zimejificha Chaneli Gani?

Barua tulizopokea kutoka Lubumbashi zinazunguka jambo moja. Tamthilia ya zamani inarudiwa, watu wanasema wameiona, lakini mwenye kuitafuta haipati, au anaipata na haitambui. Tumechagua sita.

Mama wa Katuba anauliza: Ndugu wahariri, zamani tulikuwa tunajaa kwa jirani kutazama *Rubi*. Juzi watoto waliniambia imerudi. Nilitazama vipindi viwili vizima, sikuona uso hata mmoja ninaoujua. Wamebadilisha wachezaji?

Hapana, Mama. Hiyo uliyoiona ni *Rubi* nyingine. Hadithi hiyo imetengenezwa Mexico zaidi ya mara moja: mwaka 1968 aliicheza Fanny Cano, mwaka 2004 Bárbara Mori, na mwaka 2020 Camila Sodi. Ile iliyojaza sebule za watu ni ya 2004, yenye vipindi 115. Ya 2020 haifiki hata 30.

Usitafute tamthilia ya zamani kwa jina peke yake. Fungua ratiba kwenye dekoda, simama juu ya kipindi, kisha bonyeza kitufe cha *i* kwenye telekomande. Soma mwaka, jina la mchezaji mkuu na namba ya kipindi. Ukikuta 12/115, umefika. Mwaka ndio unaoaminika kuliko sura. Chukua *Dallas*, tamthilia ya Marekani: ya kwanza ilidumu kuanzia 1978 hadi 1991, nyingine ikatengenezwa 2012 hadi 2014, na Larry Hagman, yule J.R., yumo katika zote mbili. Anayetambua kwa uso atajikuta yuko na wajukuu huku anawatafuta mababu. *Dynastie* nayo ina ya 1981 na ya 2017.

Tena, Mama, kwenye chaneli za Kifaransa majina hubadilika kabisa. Ukiandika *Murder, She Wrote* hutapata kitu, kwa sababu Wafaransa wanaiita *Arabesque*. *Knight Rider* ni *K 2000*, *Miami Vice* ni *Deux flics à Miami*, na *The Young and the Restless* ni *Les Feux de l'amour*. Kwa tamthilia za Amerika ya Kusini na Mexico anza na Novelas TV. Kwa za Kiafrika anza na A+ na TV5Monde. Na usiongeze abonema kwa kusikia maneno ya barabarani. Dekoda nyingi zinakuachia usome ratiba hata ya chaneli ambayo hujailipia. Isome kwa wiki nzima, uone kipindi chako kimo kweli, ndipo ulipe.

Ndugu wa Kampemba anauliza: Kulikuwa na tamthilia niliyokuwa nafuata kila siku saa 2 usiku. Mwisho wa Oktoba ikapotea. Fundi alisema parabole imesogea, akataka pesa ya kupanda juu. Nimlipe?

Usimlipe bado, ndugu. Kama chaneli nyingine zinaonekana vizuri, parabole haijasogea. Kilichosogea ni saa ya Ulaya.

Lubumbashi iko saa 2 mbele ya GMT mwaka mzima. Paris inabadilika: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba iko sawa na sisi, kisha inarudi nyuma saa moja. Kwa hiyo kipindi cha saa 2 usiku kwa saa ya Paris tunakiona saa 2 wakati wa kiangazi chao, na saa 3 usiku wakati wa baridi yao. Ngoja saa moja zaidi, utaikuta. Mwezi wa Machi itarudi mahali pake, na hapo anayechelewa ataikuta imekwisha. Chaneli zinazotengenezwa kwa ajili ya Afrika mara nyingi hazihami hivyo.

Kuna kosa la pili linalofanana na hilo. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, na dekoda iliyowekwa saa ya Kinshasa itaonyesha ratiba yote saa moja mapema. Linganisha saa ya dekoda na saa ya simu. Zikipishana kwa saa moja kamili, ingia kwenye mipangilio, tafuta ukanda wa saa, weka GMT+2.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mabadiliko hayo ya Oktoba yanakutana na mwanzo wa mvua. Picha ikivunjika vipande mvua kubwa inaponyesha na kurudi inapokatika, ni mawingu mazito yanayokula mawimbi. Ikiendelea kuvunjika hata jua likiwaka, fungua kichwa cha waya pale nyuma ya LNB, kile kifaa kilicho mbele ya parabole kinachopokea mawimbi. Ukikuta shaba imekuwa ya kijani au nyeusi, maji yameingia. Kata sentimita 10 za waya, funga kichwa kipya, zungushia utepe wa mpira, na uache waya uning'inie kidogo chini ya LNB ili maji yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani. Na kama parabole imesogea kweli, kwa setilaiti iliyo nyuzi 16 mashariki, kutoka Lubumbashi inatazama kaskazini-magharibi, na mawimbi yanatoka juu sana, karibu nyuzi 71. Kwa hiyo mti wa jirani ni nadra kuwa na kosa.

Baba wa Kamalondo anauliza: Natazama marudio ya *Dallas*. Bobby aligongwa na gari, akafa hospitalini, tukamzika. Sasa Pam anafungua mlango wa bafu, Bobby yumo anaoga! Chaneli imeruka vipindi? Na mbona kila kipindi ni kifupi, na watu wamekuwa wanene?

Baba, hawajaruka hata kimoja. Patrick Duffy, anayecheza Bobby, aliondoka mwaka 1985, na kifo chake kilionyeshwa Marekani Mei 17 mwaka huo. Msimu uliofuata haukwenda vizuri, akaombwa arudi. Waandishi walikuwa wamekwisha kumzika, wakatafuta mlango wa kumtolea: msimu mzima wa 1985 na 1986, vipindi 31, ukatangazwa kuwa ni ndoto ya Pam. Bafu uliloliona lilionyeshwa Mei 16, 1986. Yaliyotokea katika vipindi hivyo 31 yafute kichwani, maana hadithi inaendelea kutoka pale Bobby alipokuwa bado mzima. Hapo ndipo wengi hupotea, wakidhani ratiba ina kosa.

Namba za misimu nazo zinachanganya. Vipindi 5 vya kwanza, vya Aprili 1978, wengine wanavihesabu kama msimu wa 1, wengine wanaviweka pembeni. Ndiyo maana utasikia *Dallas* ina misimu 13 au 14. Hesabu kwa jumla, vipindi 357, hutakosea.

Kuhusu urefu: kipindi cha saa moja cha Marekani wakati ule kilikuwa na dakika kama 48 bila matangazo. Filamu ilipigwa picha 24 kwa sekunde, televisheni za Ulaya zinaonyesha 25. Kwa hiyo dakika 48 zinakwisha kwa 46, na hakuna neno lililokatwa. Ukihesabu chini ya 44, hapo ndipo chaneli imekata kitu, mara nyingi muhtasari wa mwanzo au majina ya mwisho.

Unene wa watu unatoka kwenye umbo la picha. Tamthilia hizo zilipigwa kwa 4:3 (upana 4 kwa kimo 3), na televisheni ya leo ni 16:9. Mtu akiivuta ijaze kioo, kila kitu kinapanuka kwa theluthi moja. Angalia gurudumu la gari la J.R.: likiwa kama yai lililolazwa, picha imevutwa. Anza na dekoda: mipangilio, picha, chagua *Auto* au *Original*. Kisha kwenye televisheni yenyewe zima kila chaguo la kujaza kioo, kwa sababu ukirekebisha kimoja, kingine kitaendelea kuvuta. Michirizi miwili myeusi pembeni ndiyo picha halali. Tunawasihi wasomaji wasiichukie. Ikiwa gurudumu ni duara lakini vichwa vimekatwa juu, chaneli yenyewe imekata robo ya kimo cha picha, na hakuna kitufe nyumbani kitakachoirudisha.

Msomaji wa Golf anauliza: *Derrick* imekwenda wapi?

*Derrick*, tamthilia ya upelelezi ya Ujerumani, ina vipindi 281, kuanzia 1974 hadi 1998. Mwaka 2013, miaka mitano baada ya Horst Tappert, aliyecheza Derrick, kufariki, ilijulikana kwamba alikuwa mwanajeshi wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Nazi, katika Vita Vikuu vya Pili. Chaneli ya ZDF ya Ujerumani ikasema haitairudia tena. Usiisubiri. Kwa wapenda upelelezi, *Columbo* bado inazunguka, vipindi 69, na kila kimoja kinajitegemea.

Dada wa Ruashi anauliza: Vipindi vinarudiwa usiku wa manane. Nataka kurekodi, lakini diski inalia tik-tik na inakatika, na umeme nao ukikatika kila kitu kinapotea.

Dada, tik-tik ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2 la dekoda linatoa ampea 0.5, na diski nyingi zinapoanza kuzunguka zinataka karibu 0.9. Tumia waya wa USB wenye vichwa viwili au diski yenye adapta yake. Jua kwamba dekoda itaifuta diski yote kabla ya kuitumia, na mara nyingi ulichorekodi kitasomeka kwenye dekoda hiyohiyo tu. Usiweke diski yenye picha za harusi.

Kipindi cha dakika 46 katika picha ya kawaida, kwa megabiti 3 kwa sekunde, kinachukua GB 1 hivi. *Rubi* nzima haizidi GB 120, kwa hiyo diski ya GB 500 inakutosha. Anza kurekodi dakika 5 kabla, malizia dakika 15 baada, kwa sababu chaneli za marudio huchelewa usiku.

Umeme ukikatika katikati, faili halifungwi, na dekoda nyingi hazilifungui tena. Dawa ni bateri. Dekoda ya volti 12 inakula kama ampea 1, na wakati wa kurekodi televisheni unaweza kuizima. Bateri ya Ah 40 (ampea-saa), ukitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa Ah 20: usiku mzima na zaidi kwa dekoda na diski. Ukiwasha na televisheni ya inchi 32 inayokula ampea 3, zinabaki saa 5. Lakini usiunge dekoda moja kwa moja: bateri inayochajiwa inapanda hadi volti 14 na zaidi. Weka kidhibiti cha volti 12 katikati, na fyuzi ya ampea 3 kwenye waya wa dekoda, karibu na nguzo ya bateri.

Papa wa komini ya Kenya anauliza: Nina kaseti za VHS zenye michezo ya Mufwankolo iliyorekodiwa kwenye televisheni ya hapa zamani. Nikiziweka, picha haina rangi. Zimeharibika?

Papa, usizitupe. Michezo ya kundi hilo, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, hutaikuta kwenye chaneli za Ulaya, na kaseti kama zako huenda ndizo zilizobaki. Rangi haijafa: Zaïre ilitangaza kwa mfumo wa rangi wa SECAM, na mashine ya mfumo mwingine, PAL, peke yake inasoma kaseti hiyo bila rangi. Tafuta mashine iliyoandikwa PAL/SECAM. Kabla ya kuiweka, inua kifuniko cha kaseti, tazama utepe kwa mwanga wa tochi. Ukiona unga mweupe ni ukungu. Usiicheze, itachafua vichwa vya mashine na kuambukiza kaseti zote zinazofuata. Ikiwa safi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja ili utepe ulegee, kisha unganisha waya wa njano, mweupe na mwekundu kwenye kifaa cha USB cha kunasa picha. Hesabu GB 2 kwa kila saa, na nakala ya kwanza ifanye mara moja tu kwa kaseti nzima, bila kusimamisha, maana utepe mkavu unaweza kukatika pale unapousimamisha.