Miezi 12 Niliyoipoteza Nikiwa na Hukumu Kabatini

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Malindi aliniandikia kwamba ameshinda kesi ya madai katika Mahakama Kuu, kwamba mdaiwa wake amehamia Uingereza, na kwamba hana haraka kwa sababu amesikia Uingereza imejiunga na Mkataba wa The Hague wa 2019 kuhusu hukumu za nchi za nje. Moyo ulinipiga paa, maana nami niliwahi kutulia hivyo hivyo.

Mnunuzi wangu wa korosho alikuwa na duka Mombasa kabla ya kuhamia London na deni langu. Nilipopewa hukumu niliitia katika mfuko wa plastiki, nikaihifadhi kabatini chini ya kanga za marehemu mama, nikiamini kwamba haki iliyokwisha kutamkwa haiozi. Kwa miezi 14 nilimpigia simu, naye akaahidi.

Ndipo wakili aliponieleza kwamba sheria ya Uingereza ya 1920, inayozipokea hukumu za Kenya, Tanzania na Uganda, humtaka mshindi aombe usajili, yaani hukumu iandikishwe katika mahakama ya kule ili itekelezwe kama yao, ndani ya miezi 12 tangu siku ya hukumu, na akichelewa aiombe mahakama imwongezee muda. Sababu yangu ya kuchelewa ilikuwa ahadi za simu, na haikutosha. Nilifungua kesi mpya kule kwa kuitegemea hukumu ile ile, nikaishia kupata nusu ya deni. Hadi leo linaniuma, hasa nikikumbuka kwamba aliyeshinda Uingereza ana miaka 6 ya kuisajili hukumu yake Kenya, chini ya Sura ya 43 ya sheria za Kenya.

Huo Mkataba ulianza kutumika Uingereza tarehe 1 Julai 2025, na Kenya haikuwa mwanachama. Hufanya kazi baina ya nchi wanachama tu, kwa kesi zilizofunguliwa ukiwa tayari unazifunga nchi zote mbili. Kwa Waingereza umeziba sehemu ya pengo lililobaki kati yao na Umoja wa Ulaya tangu kanuni za zamani za kutambuliana hukumu zilipokoma mwisho wa 2020. Hukumu ya Malindi bado inapita mlango wa 1920.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaouza nje, hesabuni siku tangu hukumu inaposomwa. Jueni pia kwamba hukumu ya mahakama ya hakimu haisajiliki kwa njia hiyo, na kwamba mdaiwa ambaye hakuishi wala kufanya biashara Kenya, na hakukubali mamlaka ya mahakama zetu, anaweza kuuzuia usajili. Andikeni ukubali huo katika mkataba wa mauzo kabla gunia la kwanza halijapakiwa, wakati mnunuzi bado anawahitaji.

Dada wa Malindi, kwa tarehe uliyonitajia umebakiwa na wiki 9. Jumatatu asubuhi nenda masjala ya mahakama, ulipie nakala iliyothibitishwa ya hukumu yako, usiondoke dirishani bila risiti.