Gari-nyumba: angalia kichwa kwanza, vitanda baadaye

Ndugu yangu, umeuliza ununue gari-nyumba la aina gani, wewe, mkeo na watoto wawili, mtoke hapa Malindi mwende Tsavo na siku moja Lamu. Mimi ni fundi. Miezi mitatu nilimfanyia kazi mgeni wa Kiitaliano aliyeingia na kampa yake, yaani gari-nyumba, kwa kibali cha muda, kisha nikageuza Hiace yangu mwenyewe. Nakueleza niliyoyashika kwa mikono.

Wamarekani hugawa magari-nyumba katika daraja A, B na C, na watu hudhani ni kubwa, ya kati na ndogo. Sivyo, B ndiyo ndogo kuliko zote. Tazama kichwa, yaani sehemu ya dereva. Kiwanda kikichukua chesisi tupu, yaani fremu ya chini, ya basi au lori kikajenga kila kitu hadi kioo cha mbele, hiyo ni A. Kikibakiza kichwa kama kilivyokuja na kupachika sanduku nyuma, ni C. Van ikibaki na bodi yake nzima, kama Ducato au Sprinter, ikatiwa kitanda na jiko ndani, ni B.

Ya yule mgeni ilikuwa C yenye kitanda juu ya dereva. Waitaliano huiita mansardato. Watoto wake walikipenda kile kitanda mno. Lakini ina urefu wa karibu mita 3 kwenda juu, matawi ya miembe yaliikwaruza, na barabara ya lango la Sala, la kuingilia Tsavo, ililegeza maungio ya sanduku. Masika yalipoanza maji yakapenya. Nilipofungua ukuta nikakuta mbao zimeoza, na kwa nje hakuna hata doa. Iliniuma, maana gari lilikuwa zuri kweli.

Uzito nao usiupuuze. Ulaya leseni ya kawaida huishia gari la kilo 3,500 pamoja na mizigo, kwa hiyo kampa nyingi hutengenezwa zisipite hapo, na nafasi ya mizigo hubaki finyu. Maji lita 100 tu ni kilo 100.

La usukani wa kushoto usiagize, Kenya haisajili ya matumizi ya kawaida. Na lililopita miaka 8 haliingii.

Kwa nyinyi wanne ningechukua van yenye paa la kunyanyuka, watoto walale juu. Turubai la pembeni mwa paa hilo hupitisha upepo wa bahari, na kwa joto letu hilo si jambo dogo. Mimi nilipokata paa la Hiace sikupaka dawa ya kutu vizuri kingoni, chumvi ikala ndani ya mwaka. Hesabu pia mikanda ya viti. Kuna magari yana vitanda vinne na mikanda miwili.

Ukienda Lamu, gari utaliacha Mokowe, upande wa bara, uvuke kwa boti, vichochoro vya mjini ni vya watu na punda.

Ukienda kukagua, bonyeza kuta za ndani kwenye pembe za paa na chini ya madirisha. Zikibonyea, liache hata likishushwa bei.