Ukifika Kota Mpya, Fungua Mabegi Yote

Wadogo zangu mlioolewa na askari mwaka huu, karibuni. Nina miaka 17 kambini na nimehama mara tano: Monduli, Tabora, Nachingwea, Songea, na sasa Mtwara. Hadi leo, baba watoto akirudi na kusema "uhamisho umetoka", tumbo linanivuruga.

Nyaraka kwanza. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na ripoti za shule ubebe mwenyewe mkononi, usizipakie kwenye Fuso pamoja na magodoro. Uhamisho wa mwanafunzi unapita kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo muone mwalimu mkuu mapema, kabla hujafunga hata sufuria moja. Mtoto akiwa darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne, kumbuka ana mtihani wa taifa. Mkubwa wangu nilimwacha Tabora kwa mama mdogo amalize la saba. Nililia stendi, lakini nisingemhamisha mwezi mmoja kabla ya mtihani.

Kwenye vikoba usiache deni. Na ushike kazi inayobebeka; mimi cherehani yangu imenilisha kote huko.

Ila ninachotaka hasa mnisikilize ni hiki. Binti yangu wa pili alikuwa darasa la tatu tulipofika Songea. Mwezi wa tatu hivi tangu tufike, naingia chumbani kwake, namkuta anachomoa sare kwenye begi. Kabati tupu kabisa. Madaftari bado yamefungwa kamba ya katani, vilevile nilivyoyafunga Nachingwea. Nikamuuliza mbona hajapanga. Akajibu bila kunitazama: "Nipange ya nini, mama? Si tutahama tena."

Nilikaa kitandani, maneno yakaniishia. Tulimwambia habari ya safari usiku wa kuamkia safari yenyewe, tukidhani tunamwepusha na huzuni. Rafiki yake wa Nachingwea hakumuaga. Kosa hilo ni letu sisi wazazi, na bado linaniuma.

Kwa hiyo mwambieni mtoto siku ileile mnayojua ninyi. Mpelekeni akaage, mchukue namba ya simu ya mama wa rafiki yake, na mkifika mumpigie kweli. Nanyi msijikaze eti mke wa askari halii. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, nenda zahanati ya kambi ukaseme. Jirani usimngoje akukaribishe, piga hodi wewe.

Na mabegi yafunguliwe yote wiki ya kwanza, mapazia yatundikwe, hata kama mmeambiwa mtakaa mwaka mmoja tu. Madirisha ya kota hayalingani, kwa hiyo kila kituo mapazia yangu huyaongezea kipande cha kitenge kilichonunuliwa hapohapo. Tulipofika Mtwara nilimpeleka binti sokoni achague mwenyewe. Alichagua cha kijani, chenye samaki, akashika sindano akapinda upindo wake.