Kwa bendi za roki za Lubumbashi zinazojiandaa kurekodi albamu ya kwanza

Wadogo zangu mnaopiga roki nzito hapa Lubumbashi, mara nyingi mnanijia mkiuliza ni studio ipi yenye mitambo bora na inatoza dola ngapi kwa saa. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama mnaweza kupiga kila wimbo tangu mwanzo hadi mwisho, nyote mkiwa chumba kimoja, bila mtu kusimama njiani, kwa sababu albamu ya kwanza hutengenezwa mazoezini na studio huipokea tu.

Watazameni Black Sabbath. Vijana hao wanne wa Birmingham waliingia studio ya Regent Sound mjini London mwezi Oktoba 1969, wakarekodi karibu albamu nzima kwa siku moja, wakipiga pamoja kama jukwaani, nayo ikatoka tarehe 13 Februari 1970. Watu huisimulia habari hiyo kama muujiza, nami sikubaliani nao: nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha kupigwa usiku baada ya usiku katika vilabu vya Uingereza na Ujerumani, hata kila mmoja akajua pa kuingia na pa kunyamaza. Led Zeppelin nao walizunguka kwanza Skandinavia mwezi Septemba 1968, ndipo wakarekodi albamu yao kwa takribani saa 36 za studio. Gharama walijilipia Jimmy Page na meneja Peter Grant, kabla ya kutia saini na kampuni ya rekodi ya Atlantic, jambo lililowapa nguvu wakati wa kujadili masharti.

Wala mtu asiwaambie kwamba kurekodi wimbo wote kwa mkupuo mmoja ni mambo ya Wazungu. Jean-Bosco Mwenda, gwiji wa gitaa wa Katanga hii yetu, alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 akiwa na gitaa na koo lake tu, na hadi leo wapiga gitaa wanahangaika kuufuata mwendo wa vidole vyake.

Kwetu sababu za kujiandaa ni kubwa zaidi, kwani umeme wa shirika la SNEL hauisubiri solo ya gitaa imalizike, na mafuta ya jenereta mtayalipia ninyi. Ombeni nafasi za kupiga katika mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya, hata kwa malipo ya soda, mpaka mjue ni wimbo upi unaowachosha watu; huo uondoeni. Nyimbo nane zilizokomaa zinatosha, na albamu ile ya Black Sabbath haizidi sana dakika 38. Epukeni pia kurekodi ngoma kati ya Novemba na Machi ikiwa paa la studio ni bati tupu. Black Sabbath walifungua albamu yao kwa mvua, radi na kengele, lakini mvua yao iliongezwa baadaye kwa hiari. Ya hapa haiombi ruhusa.

Kosa ninalolisikia katika rekodi nyingi za vijana ni kuzidisha mkwaruzo wa gitaa (distortion). Mazoezini, amplifaya ikiwa karibu na masikio, mkwaruzo mwingi huonekana kuwa nguvu. Kwenye rekodi hugeuka mvumo mtupu unaomeza ngoma na besi. Upunguzeni mpaka mguso wa kila uzi usikike, kisha, mkitaka ukubwa, pigeni sehemu ileile mara ya pili, moja iwekwe kushoto na nyingine kulia. Amplifaya ikae chumba cha pili au nyuma ya magodoro, isivuje katika maikrofoni za ngoma, ila wapigaji waendelee kuonana. Badilisheni nyuzi siku iliyotangulia, mzivutevute hadi zitulie. Sauti ya mwimbaji inaweza kurekodiwa siku nyingine.

Mkimaliza, daini mafaili ya kila chombo peke yake, si wimbo uliochanganywa tu, na myahifadhi kwenye diski mbili katika nyumba mbili tofauti. Kabla ya kwenda redioni, andikeni nani alitunga nini, nyote mtie sahihi, kisha mzisajili nyimbo hizo SOCODA, shirika la haki za watunzi.