Kusuka nywele Kampala bila cheti cha shule

Dada, umeuliza kama wewe, mkimbizi kutoka Bukavu unayesuka nywele barazani Nsambya, unavunja sheria kwa kukosa cheti, na kama yule anayepita kila Ijumaa kudai elfu ishirini ana haki hiyo.

Haki ya kufanya kazi unayo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kuajiriwa na kufanya biashara, kwa hiyo tembea na kitambulisho chako. Leseni ya biashara ni jambo lingine: inatoka KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala), na hata Mganda mwenyewe anadaiwa kuwa nayo. Lakini malipo yake hupita benki au kwenye simu, kwa namba maalumu ya malipo. Yule wa Ijumaa akija tena, muombe namba hiyo kwa upole, mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) akiwepo. Hana? Usimpe hata shilingi.

Inaniuma kuona mama anasukumia vitana na rasta kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) na kukimbia kila aonapo sare, eti kwa sababu hakuna aliyemweleza haya. Na ada ya leseni ya mwaka kwa mkupuo ni mzigo kwa anayekula cha leo leo. Anza kuweka kidogo kidogo sasa, ikiwezekana na wasusi wenzako.

Kuhusu cheti, usikimbilie kozi ya pesa nyingi ilhali kazi unaijua. Ulizia Worker's PAS, cheti cha ujuzi uliopatikana kazini, katika chuo cha ufundi kilichosajiliwa: unasuka mbele ya mpimaji, ujuzi wako unaandikwa. Vyeti vya darasani havidaiwi.