Wasomaji Wauliza: Shilingi 20 za John Hampden

Tulipomtaja John Hampden (1595–1643), mwenye mashamba na mbunge wa Buckinghamshire, Uingereza, aliyegoma kulipa kodi ya meli ambayo Mfalme Charles I aliitoza bila idhini ya Bunge, barua zilimiminika. Tunajibu zile zilizojirudia zaidi.

Tajiri kama yule aligombania shilingi 20 tu? Alikuwa bahili? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Shilingi 20 zilikuwa pauni 1 (shilingi yao ilikuwa na peni 12, si senti 100 kama yetu), na kwa Hampden hicho kilikuwa kiasi kidogo sana. Baba yake alifariki mwaka 1597, akamwachia mali nyingi angali mtoto mchanga. Mashamba yalitapakaa katika parokia kadhaa, na kila parokia ilimkadiria kivyake. Parokia ya Great Kimble ilimdai shilingi 31 na peni 6. Hizo nazo alizikataa. Mawakili wa mfalme walichagua deni la parokia ya Stoke Mandeville, zile shilingi 20, liwe kesi ya mfano. Wala haikuwa mara yake ya kwanza: mwaka 1627 aliwekwa kizuizini kwa kukataa mkopo wa lazima wa mfalme huyohuyo.

Kodi yenyewe ilikusanywaje? (Msomaji, Nakuru)

Desturi ya zamani ilikuwa kwamba miji ya bandari itoe meli wakati wa hatari. Mwaka 1634 Charles aliidai pwani, na mwaka uliofuata akaipeleka hadi kaunti za bara. Hati ya Agosti 1635 iliiamuru Buckinghamshire, isiyogusa bahari popote, itoe meli ya tani 450 yenye watu 180, ifike Portsmouth ifikapo 1 Machi 1636. Kwa kuwa meli hawakuwa nayo, walitakiwa walipe pauni 4,500.

Sherifu, ofisa wa mfalme katika kaunti, aliigawa jumla hiyo kwa tarafa, tarafa zikagawia parokia, na huko makonstebo wakapita nyumba kwa nyumba. Asiyelipa alikamatiwa ng'ombe au vyombo. Mgogoro ulianzia kwenye ugawaji. Hakukuwa na kiwango maalumu kwa ekari wala kwa kipato, kwa hiyo kila kijiji kililalamika kwamba jirani amependelewa. Naye sherifu alikuwa bwana wa palepale, anayeishi na watu anaowadai, na baraza la mfalme lilimbana yeye binafsi kwa kila pauni iliyopungua. Kazi hiyo ilikimbiwa.

Mliandika kwamba mfalme alishinda kesi akapata hasara. Kivipi? (Msomaji, Dodoma)

Kesi ilianza Novemba 1637 mbele ya majaji 12. Wakili wa Hampden, Oliver St John, hakubisha kwamba mfalme ana haki ya kuilinda nchi. Alishika tarehe tu. Hati ilitoa takriban miezi 7 ya kuandaa meli, na kuliita Bunge kulihitaji siku 40. Dharura gani hiyo inayosubiri miezi 7 lakini haiwezi kusubiri siku 40? Bunge lilikuwa halijakutana tangu 1629, na kila aliyekuwa ndani ya mahakama alijua sababu: mfalme hakulitaka.

Hukumu zilisomwa moja moja hadi Juni 1638: majaji 7 kwa mfalme, 5 kwa Hampden. Kati ya hao 5, George Croke na Richard Hutton waliikataa kodi yenyewe. Bramston na Davenport walimpa Hampden ushindi kwa sababu ya kasoro za utaratibu tu. Lakini aliyemharibia mfalme, kwa maoni yetu, ni jaji wa upande wake mwenyewe. John Finch alisema sheria ya Bunge inayomnyima mfalme uwezo wa kuilinda nchi ni batili. Hapo hata waliokuwa wamelipa kimyakimya walishtuka: kama ni hivyo, mali ya nani iko salama?

Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya kodi ililipwa. Ya mwaka 1639 ilileta kiasi cha moja ya tano tu. Mwaka 1640 Bunge likaitwa kwa sababu ya vita na Waskoti, Finch akakimbilia Uholanzi, na mwaka 1641 kodi na hukumu vikafutwa kwa sheria.

Alikuwa na undugu na Oliver Cromwell? (Msomaji, Mombasa)

Ndiyo, yeye na Cromwell, jenerali wa Bunge aliyekuja kuitawala Uingereza, walikuwa mabinamu. Mama yake Hampden, Elizabeth, alikuwa shangazi yake Oliver.

Alikufaje? (Msomaji, Bujumbura)

Tarehe 4 Januari 1642 Charles aliingia bungeni na askari kuwakamata wabunge 5, Hampden mmojawapo; walikuwa wameshatoroka. Vita kati ya mfalme na Bunge vilipoanza mwaka huohuo, aliunda kikosi chake cha makoti ya kijani upande wa Bunge. Tarehe 18 Juni 1643, katika mapambano ya Chalgrove dhidi ya wapanda farasi wa Prince Rupert, mpwa wa mfalme, alijeruhiwa, akaondoka juu ya farasi hadi Thame, akafariki siku 6 baadaye. Wengine husema alipigwa risasi begani, wengine kwamba bastola yake ilishindiliwa baruti kupita kiasi ikampasukia mkononi. Lord Nugent, mwandishi wa maisha ya Hampden, alifukua kaburi kanisani Great Hampden mwaka 1828 ili akate mzizi wa fitina, akauongeza: sasa watu wanabishana pia kama mwili ule ulikuwa wake.