Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya pua, haya maswali mtaulizwa

Niko kliniki ya masikio, pua na koo hapa Upanga mwaka wa tisa sasa, na wanaokuja kuulizia kuchonga pua wameongezeka sana, zamani alikuwa anakuja mmoja mmoja tena ananong'ona, siku hizi mtu anakaa kwenye benchi anafungua simu anakuonyesha picha ya pua anayoitaka. Nyie mtakaa pale mezani kabla mgonjwa hajaingia kwa dokta, na lile analoona aibu kumuuliza dokta atakuuliza wewe. Naandika mapema kwa sababu mimi hakuna aliyeniandaa, na kuna dada mmoja nilimponza kwa jibu la haraka haraka.

Swali lenyewe ni hili, "sista nitapona baada ya muda gani?" Dada wa watu alikuwa na send-off kama wiki nne mbele, mi bila kufikiria nikamwambia wiki mbili tu utakuwa freshi. Sasa wiki mbili ndo ule weusi wa chini ya macho mara nyingi unakuwa umeisha, mtu anaweza kurudi kazini, ila pua yenyewe bado. Dokta alimweleza vizuri tu kule ndani, lakini jibu alilobaki nalo kichwani ni langu kwa sababu ndo alilokuwa anataka kulisikia. Akaja kliniki baada ya shughuli na picha kwenye simu, gauni zuri, nywele nzuri, ncha ya pua imevimba inang'aa, na kwenye kila picha kainamisha uso kidogo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "dada si ulisema wiki mbili?" Bado nalisikia lile swali mpaka leo.

Kwa hiyo mtu akiuliza atapona lini, muulize kwanza ana shughuli gani mbele, harusi, kipaimara cha mtoto, safari, interview. Halafu mpe mpangilio wote bila kuupunguza. Kile kigumu kinachobandikwa juu ya pua kuishikilia kinakaa kama siku 7. Weusi na uvimbe wa macho wiki mbili hivi. Uvimbe wa pua unapungua sana miezi ya mwanzo, lakini umbo la mwisho, hasa pale kwenye ncha, linasubiriwa mwaka mzima, na ngozi nene kama za wengi wetu inaweza kupita hapo. Na asiporidhika, kurudia kwa kawaida ni mpaka huo mwaka uishe, kwa sababu ukifungua pua ambayo bado ina uvimbe unakata kitu usichokijua umbo lake.

La pili ni hizo picha. Mtu anakuja na selfie anasema ona pua yangu ilivyo pana. Msibishane naye, fanyeni hivi. Mpige picha kwa umbali wa mkono wake, halafu msimamishe ukutani, rudi nyuma mpaka mita 1.5, vuta zumu, piga tena, umuwekee zote mbili pembeni kwa pembeni. Kuna utafiti wa Marekani wa 2018 ulipima hiki kitu ukaona picha ya sentimita 30 inaifanya pua ionekane pana kwa kama asilimia 30 kuliko ile ya mita 1.5. Sio simu mbovu, ni pua kuwa karibu na kamera kuliko masikio. Kuna mkaka nilimfanyia hivyo akanyamaza kabisa, akashika simu akawa anaenda picha hii anarudi ile, mwisho akasema "kumbe hii ndo watu wanayoiona." Wengine wanaendelea na mpango wao na ni haki yao, ila wanaendelea wakiwa wanaijua pua yao ya kweli.

Halafu hili neno kuchonga lenyewe linapotosha. Watu wanadhani dokta anapunguza kama fundi seremala anavyopiga randa. Kwa pua zetu nyingi, mgongo uko chini na ncha ni laini, kazi kubwa ni kuongeza, anachukua gegedu, ule mfupa laini, kwenye ule ukuta wa katikati ya pua, au nyuma ya sikio, au ikihitajika nyingi kwenye ubavu, anajenga nalo. Mgonjwa akisikia ubavu anashtuka, anauliza mbona pua inanipeleka kifuani. Mwelezeni taratibu. Na muelewe kwamba ngozi nene ni kama blanketi juu ya umbo, ukijenga kitu chembamba sana chini yake hakionekani, kwa hiyo ile pua ya kwenye simu ya mtu mwenye ngozi nyembamba huenda isitoke hata kwa dokta bingwa kuliko wote. Hilo aachiwe dokta kulisema, ila nyie msiahidi kinyume chake.

Kovu sasa. Wataulizia kovu la pua, na kweli upasuaji wa wazi una mkato mdogo pale kwenye kinguzo kati ya matundu mawili, baadaye hauonekani kirahisi, na ule wa kufungia ndani hauna mkato wa nje kabisa labda kama wanapunguza mbawa za pua. Mi nawaambia angalieni sehemu nyingine. Muombe mgonjwa akuonyeshe alipotoboa masikio, angalia kifuani na mabegani kama ana keloidi, yale makovu yanayovimba na kuota. Keloidi kwenye pua yenyewe sio nyingi, lakini sikio na kifua, pale pale gegedu linapotolewa, ndo zinapopenda kuota. Niliwahi kumkuta mama mmoja keloidi kubwa kama harage imejificha nyuma ya hereni, kwenye fomu kaandika hana tatizo la ngozi. Muulizeni na mkorogo, kwa upole, msimuaibishe mbele za watu, kwa sababu mikorogo mingi ina steroidi, ngozi inakuwa nyembamba na kidonda kinachelewa kupona. Na sigara na shisha, wiki nne kabla aache na baada pia. Aspirini, brufeni, diklofenaki na dawa za mitishamba zote aziseme, dokta ampangie cha kuacha, kwa sababu ya kutoka damu.

Maumivu wanaogopa kuliko inavyostahili. Wengi wanafanyiwa kwa nusu kaputi, saa mbili tatu hivi, na wakiamka wanacholalamikia zaidi ni kuziba, mtu analala mdomo wazi, koo linakauka, analala na mito miwili kichwa juu. Asipenge kamasi kama wiki mbili, chafya apige mdomo ukiwa wazi. Miwani isikae juu ya pua wiki kadhaa. Kipini avue nyumbani kabisa. Na kwa hapa kwetu ongezeni vitu ambavyo hakuna karatasi inayoviandika, helmeti ya bodaboda inayoziba uso mzima ukiivaa inasugua pua, na jasho la Januari linabandua plasta, kwa hiyo feni na kivuli.

Waislamu watawauliza kuhusu kusujudu, na wengine hawaulizi, wanaenda tu kusujudu. Siku za mwanzo kuinamisha kichwa kunaongeza uvimbe na kunaweza kuleta damu, na pua yenyewe haitakiwi kugusa chini. Mimi namwambia mapema dokta anataka usiiname, sali umekaa, na ukiwa na wasiwasi muulize shehe wako kabla ya siku ya upasuaji. Mzee mmoja alinishukuru kwa hilo neno moja kuliko maelezo mengine yote.

Bei msitaje kwa mdomo, mpelekeni kwa mhasibu apewe makadirio ya maandishi yenye dawa ya usingizi, kitanda na marudio ya kliniki ndani yake. Bima kwa kawaida hazilipii urembo. Ila kama pua imevunjika au haipitishi hewa hiyo ni habari nyingine, kwa hiyo ulizeni kila mtu kama anakoroma, kama aliwahi kugongwa, tundu lipi linaziba. Pua ikifinywa bila kuangalia njia ya hewa mtu anaweza kutoka mzuri na hapumui.

Kuna wanaosema basi nichomwe filla tu saluni, ile sindano ya kujaza pua, dakika kumi. Hapa naomba msiwe wapole. Filla ikiingia kwenye mshipa wa damu karibu na pua ngozi inaweza kufa, na mtu anaweza kupofuka jicho. Mwambieni hivyo hivyo. Anayegusa pua yake, kwa sindano au kwa kisu, awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kuulizia usajili wa mtu sio utovu wa adabu.

Wachumba huuliza kama watoto watazaliwa na pua mpya. Hapana, watarithi ile ya zamani. Mabinti wa shule warudi wakishakomaa, pua ya msichana inamaliza kukua kama miaka 15 au 16, mvulana inachelewa zaidi.

Na mmoja mmoja atakuja ambaye pua yake ukiitazama huoni kitu, ameshaenda kwa madokta watatu, anajiangalia kwenye kioo cha simu kila dakika, hatoki nyumbani. Huyo msimpe matumaini wala msimcheke. Muulizeni nani alimwambia pua yake ni mbaya, msikilizeni mpaka mwisho, halafu mumwambie dokta kabla hajaingia, kwa sababu anahitaji mtu wa afya ya akili kabla ya thieta.

Pale chini karibu na ukuta wa chumba namba mbili kuna kipande cha plasta nyeupe, ndo mita 1.5, niliipima mwenyewe. Wafagiaji huwa wanakibandua, mkikikosa kibandikeni tena, futi iko droo ya chini.